Boriti Haimo Kwenye Programu

Mwaka jana nilipewa nyumba ya mawe Mkomani, hapa Lamu, niikadirie gharama ya ukarabati. Msanifu alikuwa ameshaijenga yote ndani ya kompyuta: kila ukuta una unene wake, kila mlango una mbao zake. Nikaiambia programu itoe vipimo, vikatoka vyote kwa mkupuo. Kazi ya siku tatu za rula na karatasi ilikwisha kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Mwenye nyumba akaniuliza swali ambalo sisi wakadiriaji majenzi tunaliogopa: sasa wewe nikulipe cha nini?

Sakafu ya ghorofa ya kwanza kwenye modeli ile ilikuwa zege. Nyumba yenyewe haina zege hata kiganja. Imelazwa boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, kama nyumba nyingine za kale za mji huu. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida hauvuki mita 3: boriti ndiyo iliyoamua. Msanifu hakuwa mvivu. Maktaba ya programu yake ilikuwa na zege, chuma, jipsamu na vioo vya kila namna. Boriti haikuwamo, naye akachukua kilichokuwamo.

Nililala na jambo hilo siku nyingi. Kilichochorwa ndicho hupimwa, kilichopimwa ndicho huingia kwenye BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na vipimo vyake, na kilicho kwenye BQ ndicho kontrakta hukitia bei na kukijenga. Tungenyamaza, zege lile lingepanda kweli juu ya kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa, kuta ambazo hazikujengewa mzigo huo. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Tunaweza kuupoteza chumba baada ya chumba kwa sababu ya orodha ya vifaa iliyotungwa ng'ambo, wala hakuna atakayekuwa amekusudia.

Hata hivyo siungi mkono wenzangu wanaoikimbia modeli. Uingereza inaidai kwenye miradi ya serikali kuu tangu 2016, na faida yake nimeiona kwa macho yangu: ukisogeza ukuta, hesabu zote husogea nao papo hapo. Mkadiriaji anayengoja michoro ikamilike ndipo aitwe, ataitwa wakati zege limeshachorwa. Tuingie mapema, na tuingie na vitu vyetu.

Maana hata boriti ikitiwa, modeli huiona gogo lililonyooka, hili sawa na lile. Tulipoirekebisha ilitoa boriti 64. Fundi mzee tuliyekuwa naye, anayehesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, akasema, "Korija tatu na nne," kisha akashika nyundo akaanza kuzigonga moja moja. "Huiyui mpaka uigonge, mwanangu," aliniambia. Ishirini na tatu zililia bubu. Mchwa walikuwa wamezila kwa ndani. Skana ya leza nayo isingezigundua, kwani leza husoma uso tu. Nilimwonyesha mwenye nyumba zile 23, na nikaona amelipata jibu lake.

Kisha kuna njia. Mzigo wa bara huja kwa lori hadi Mokowe, huvuka kwa mashua, halafu hupanda vichochoro juu ya mgongo wa punda. Maji yakitoka, mashua hungoja, na vibarua wanahesabu saa zao. Gharama hiyo haina umbo, kwa hiyo haichoreki, lakini mteja atailipa.

Sasa mimi na vijana wawili tunatengeneza maktaba yetu. Tumeshatia miti ya mikoko ya kila daraja, mazio, boriti na nguzo, kila moja kwa unene wake na bei yake kwa korija. Tumetia safari za punda kutoka gatini hadi kila mtaa. Kuta nene za karibu nusu mita, zenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimetusumbua lakini zimekubali. Kilichobaki ni chokaa. Hiyo huloweshwa wiki kadhaa kabla ya kushika ukuta, na bado tunatafuta mahali pa kuziandika wiki hizo.