Aliyepona ana kazi wodini

Wapo wahudumu wa afya wanaosita kumwajiri mtu aliyewahi kuugua akili awe msaidizi wa wagonjwa wenzake. Hofu zao zina uzito. Machungu ya wengine yanaweza kumrudisha kitandani. Anaweza kumshauri mgonjwa aache dawa kwa kuwa yeye aliacha. Na Mombasa, ambako mitaani watu wanajuana hadi ukoo, siri ikivuja posa huvunjika.

Hata hivyo, utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018 unastahili kusomwa polepole. Watu 441 waliokuwa wamemaliza kuhudumiwa na timu za dharura za afya ya akili waligawanywa mafungu mawili. Wote walipata kitabu kilekile cha kujipangia safari ya kupona. Fungu moja lilitumiwa kitabu hicho kwa posta tu. La pili lilisaidiwa kukifuata na mtu aliyepitia maradhi hayo, kwa vikao visivyozidi kumi. Katika mwaka mmoja, asilimia 38 ya waliopata kitabu kwa posta walirudi kwenye huduma za dharura. Waliokuwa na msaidizi ni asilimia 29. Kitabu ni kimoja! Kilichoongezwa ni binadamu anayejua hali ile. Yaani tisa zaidi katika kila mia hawakurudi, na kwetu kila anayerudi huondoka na akiba ya nyumba nzima.

Mtu atasema Uingereza si Mombasa, na ni kweli: kule timu humfuata mgonjwa nyumbani. Hapa anayeruhusiwa kutoka wodi ya akili ya hospitali ya Port Reitz hurudi kwa jamaa, na dawa ikimkakamaza shingo huambiwa ni jini. Wa kumtuliza, amwambie "hata mimi ilinipata, rudi kliniki wakubadilishie", ni yule yule tunayeogopa kumwajiri. Ndiyo maana hofu ya kuachishana dawa inanishawishi kidogo kuliko zote.

Ya siri na ya kuugua tena ni nzito zaidi, lakini dawa yake ni mafunzo, msimamizi na ruhusa ya kupumzika, kama kwa muuguzi yeyote. Tena si kazi ngeni: waelimishaji rika walioacha heroini wamekuwa wakiwafikia wenzao mitaani. Kinachokosekana ni malipo. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Msaidizi wa wodi ya akili naye aingizwe kwenye bajeti ya kaunti, kwa mkataba, asiishi kwa nauli ya semina.