Waacheni watoto waguse

Kiangazi cha 2022 niliwapeleka wanangu Tate Modern, jumba la sanaa hapa London. Ukumbini palitengenezwa makazi yenye vyombo vyeupe pe, viti, meza na kabati, kazi ya msanii wa Japani, Yayoi Kusama. Kila mtoto alipewa stika za duara za rangi abandike apendapo. Binti yangu, miaka sita, alibandika ya kwanza kwa woga huku akinitazama. Baadaye nikamkuta amejilaza chini ya meza, anabandika uvunguni. Kiingilio bure.

Ukumbi huo zamani ulikuwa wa mitambo ya umeme. Mwaka 2006 msanii Carsten Höller aliweka mabomba marefu ya kuteleza humo. Mwaka 2017 Superflex, wasanii wa Denmark, wakaleta bembea za watu watatu watatu: mkitaka zipae, lazima mpatane na jirani msiyemjua.

Tulipokwenda Dar likizo, tuliingia onyesho moja la sanaa. Binti alinyoosha mkono kwenye kinyago cha mpingo, mlinzi akamkemea: "Wewe mtoto, usiguse!" Akaificha mikono mgongoni mpaka tulipotoka. Mlinzi simlaumu, ndivyo alivyoagizwa. Lakini iliniuma, maana mpingo ni mti mgumu, na sisi tumekua tukicheza bao, tukiingia ngomani bila kuulizwa tiketi. Ukimya huu wa kusimama nyuma ya kamba si wetu, na huko tulikouiga wenyewe wanaupunguza.

Najua jasho la mikono huharibu rangi. Basi kazi halisi ilindwe, na kando yake pawe na meza moja: kinyago cha kushikwa, vipande vya mpingo na patasi butu, bao na kete zake, na mchongaji wa kuulizwa maswali. Hilo halihitaji fedha za Tate.

Kesho yake tulikwenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Ufundi huo, tangu enzi za Edward Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi huupata kwa kukaa ubavuni mwa fundi. Mzee mmoja akampa binti brashi, kikopo cha rangi na chui asiye na madoa.

"Haya mjukuu wangu, mvalishe."

Alikaa pale saa mbili. Madoa yalimjaa chui, yakamvuka, yakaingia angani. Mzee alitazama tu, akamwongezea rangi.