Simu Ikishafunguliwa, Waranti Ife?

Geuza baadhi ya simu au vifaa vya kuchezea gemu utakuta stika ndogo juu ya skrubu: ukiitoa, waranti imekwisha. Wenye vifaa wengi wameamini hivyo, hadi kubadilisha betri tu wanaogopa.

Kule Marekani, stika hiyo haina nguvu inayojidai kuwa nayo. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kufanya vipuri vyake au fundi wake kuwa sharti la waranti, isipokuwa avitoe bure au awe na kibali maalumu. Aprili 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, iliziandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu masharti ya namna hii, zikiwamo Sony, Microsoft na Nintendo.

Hata hivyo, watengenezaji wana hoja, tena nzito. Simu ya kisasa hufunguliwa kwa kupasha gundi moto, na gundi hiyo ndiyo inayozuia maji. Fundi akiirudisha kienyeji, simu ikaingia maji mwezi unaofuata, mteja huja kaunta akisema imezima yenyewe. Mwingine hubadilisha programu endeshi, akalazimisha prosesa iende kasi kupita kiwango, saketi ikaungua. Gharama ya hapo hatimaye huingia kwenye bei tunayolipa sote.

Ndiyo maana Samsung waliweka fyuzi ya kielektroniki ndani ya simu zao nyingi za Galaxy. Ukiflashi, yaani ukipakia, programu endeshi isiyo rasmi, alama ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, hugeuka kutoka 0x0 kuwa 0x1, na hairudi tena hata ukiweka programu ya kiwandani. Huduma kama Samsung Pay na Secure Folder nazo zinafungwa moja kwa moja. Kulinda malipo na siri za mtu kwa njia hiyo sioni kosa.

Kosa naliona pale 0x1 inapotumika kukataa kila kitu. Alama hiyo inathibitisha kwamba programu ilibadilishwa. Haielezi kwa nini tundu la chaji limelegea au spika imekufa. Ulaya wamelitazama suala la ushahidi vizuri zaidi: chini ya maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kawaida huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo, na muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo. Kampuni ya gemu ya Valve nao, walipotoa video ya kufungua Steam Deck, kifaa chao cha mkononi cha kuchezea gemu, mwaka 2021, walishauri watu wasiifungue, wakakiri kwamba mwenye mali ana haki hiyo, na wakasema uharibifu atakaoufanya mwenyewe hautalipwa na waranti. Mpaka unaofaa ni huo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Mtu wa wilayani hawezi kupanda basi hadi jijini kwa sababu ya tundu la chaji. Anampelekea fundi wa jirani, kwa kuwa simu hiyo ndiyo pochi yake ya M-Pesa. Kumnyima waranti ya kioo kwa sababu hiyo ni dhuluma. Kituo kinachokataa kutengeneza kiandike kwenye karatasi ya mteja ni kipuri gani kimeharibika, na marekebisho yapi yamekiharibu, kwa njia gani. Kikishindwa kuandika hayo, kitengeneze simu bure.