Shamba Tupu Kabla ya Masika Si Usafi

Kila Machi, jua la kaskazi likiwa bado linachoma, huku Kisauni, Mombasa, kunafuka moshi. Makuti, mabua na majani ya mwembe hukusanywa yakatiwa moto, ili masika yakute shamba safi. Usafi huo mimi siutaki.

Udongo mkavu una uhai. Bakteria na kuvu wengi hufa kwa kiangazi, waliobaki hulala. Mvua ya kwanza ikishuka, waliolala huamka, wakala mabaki ya wenzao na kupumua kwa fujo. Hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, hufumka ardhini kwa saa chache, kisha hupungua siku zinazofuata. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Kenya: H. F. Birch, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, aliandika juu yake mwaka 1958, na wanasayansi wa dunia nzima wanaliita kwa jina lake mpaka leo. Mkulima wa Likoni huenda hamjui Birch, lakini anajua kuwa mahindi yaliyowahi mvua ya kwanza hustawi kuliko yaliyochelewa. Sababu mojawapo ni hiyo: vijidudu hao huachia na naitrojeni, chakula cha mimea, na isipokuta mizizi ya kuinyonya, mvua kubwa za Mei huizamisha chini.

Mimea ikishatanda, hesabu hugeuka. Mizizi nayo hupumua, tena hutoa sukari inayolisha vijidudu, kwa hiyo udongo chini ya kunde hutoa kaboni nyingi tu. Ila juu yake majani yanaivuta mchana kutwa. Shamba tupu linatoa, halivuti.

Kinyume chake kiko kwenye mikoko ya Tudor, maji ya bahari yakitoka. Chimbua tope la mikoko kwa kijiti: jeusi, linanuka kama yai viza. Oksijeni hakuna, majani yanaoza polepole mno, na kaboni hukaa humo miaka mamia. Ndiyo maana mtu akikata mikoko kwa ajili ya kiwanja hunikera kuliko anayekata mwarobaini.

Majani ya mwembe wangu, basi, hayachomwi. Nayatandaza kwenye mihogo. Yataoza na kutoa kaboni yake pia, ila taratibu, na sehemu yake itabaki kuwa mboji. Kunde nazipanda kavukavu, zingoje mvua ardhini. Majirani wanasema matandazo yanaleta mchwa. Kweli yanaleta, kwa hiyo nayaweka mbali na ukuta wa nyumba.