New York, London na Ardhi ya Wameru: Kuzipima Shahada Mbili za Historia ya Kimataifa

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya Mlima Meru, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Nyumba zao zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alisafiri hadi New York kuyafikisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani nchi ambayo Uingereza iliisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kipimo kizuri ninachokijua cha swali wanalouliza vijana wetu waliohitimu historia: je, kuna faida ya kweli katika kusoma shahada mbili za uzamili katika nchi mbili?

Programu inayotajwa zaidi ni ile ya Chuo Kikuu cha Columbia na London School of Economics. Mwanafunzi husoma mwaka wa kwanza New York na wa pili London, huandika tasnifu, na mwisho hutunukiwa shahada mbili, moja kutoka kila chuo. Wanaoitetea husema kwamba historia ya kimataifa haisomeki vizuri ukiwa umekaa upande mmoja wa meza, na kwa shauri la Wameru wamesema kweli. Kule New York utalikuta limeandikwa kama suala la haki mbele ya mataifa, pamoja na majibu ya wajumbe wa nchi zilizokuwa zikiupinga ukoloni. Ukifika London, katika majalada ya Wizara ya Makoloni, unawakuta maofisa wakiandikiana juu ya shauri hilohilo kwa sauti nyingine kabisa, wakihangaikia mipaka ya mashamba, heshima ya gavana na namna ya kuwajibu wajumbe wa Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichozisimamia nchi hizo. Mtu aliyesoma upande mmoja tu atadhani ameuelewa mgogoro, kumbe ameelewa hoja za upande mmoja.

Tena kuna elimu isiyopatikana darasani. Katika chumba cha kusomea cha hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza pale Kew, London, yanakotunzwa majalada hayo, kalamu ya wino hairuhusiwi. Unaingia na penseli, unaagiza jalada kwa namba yake, unalifungua taratibu, na pengine unakuta karatasi inayokuarifu kwamba waraka uliokuwa mahali hapo umeondolewa. Karatasi hiyo yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya enzi za ukoloni, ilibainika kwamba serikali hiyo ilikuwa imeficha huko Hanslope Park, Uingereza, maelfu ya majalada yaliyotolewa katika makoloni, na kwamba mengine yalichomwa kabla ya uhuru. Mwanafunzi aliyezoea kuulinganisha ukimya wa hifadhi moja na maneno ya nyingine hujifunza kuuliza nani aliyeamua nini kibaki.

Hoja za upande wa pili, hata hivyo, si nyepesi. Ya kwanza ni fedha. Ada ni ya miaka miwili katika miji miwili iliyo ghali mno, na juu yake kuna viza mbili, safari, na kutafuta chumba mara mbili. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, unaotegemewa na wengi Afrika Mashariki, hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nchini Uingereza, kwa hiyo mwombaji wa miaka miwili hulazimika kuunganisha misaada kutoka huku na huku. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya hati za Umoja wa Mataifa zilichapishwa, na nyingi sasa zinasomeka kwenye intaneti. Majalada ya Kew ni shida zaidi kuyasoma ukiwa mbali, jambo ambalo kwa maoni yangu linaupa mwaka wa London uzito kuliko ule wa New York.

Hoja ya pili inanigusa zaidi. Miji yote miwili ni ya wenye nguvu. Wameru wanaonekana humo wakiwa waombaji, na aghalabu maneno yao yamefika yakiwa yametafsiriwa. Michango waliyokusanya kumpeleka mjumbe wao ng'ambo, mabishano ya vikao vyao na uchungu wa waliochomewa nyumba vimeachwa kwa kiasi kikubwa kwa familia zao na katika kumbukumbu za nyumbani. Mtu anaweza kutunukiwa shahada zote mbili kwa tasnifu juu ya Meru bila kukanyaga Arusha, na hilo naliona kuwa pengo kubwa, hasa kwa mwanafunzi anayejua Kiswahili, ambaye angeweza kusikiliza asichoweza kusikiliza mwenzake.

Kwa hiyo mimi ningemshauri mwombaji alipime swali lake la utafiti kabla ya kuvipima vyuo. Anayetaka kuandika juu ya vita vya Maji Maji anahitaji kujua Kijerumani, kusoma majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyoko Dar es Salaam, na kufika Berlin. New York haitamfaa kitu, na shahada moja iliyochaguliwa vizuri inamtosha. Lakini anayechunguza nchi za udhamini, ambazo mambo yake yaliamuliwa kwa kuvutana kati ya London na Umoja wa Mataifa, ana sababu halali ya kuomba miaka miwili. Huyo ningemsihi aiweke katika bajeti yake, tangu siku anapojaza fomu, nauli ya kuja Arusha katika likizo ndefu iliyo kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wakati nakala za New York tayari anazo mkononi na majalada ya London bado hajayafungua.