Bei njoo inboksi: duka la mtandaoni ni bure kweli au tumehamisha kodi ya fremu tu?

Kuna kauli nimeisikia mpaka nimeichoka, eti siku hizi huhitaji fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga, ukiwa na simu una duka. Mi nauza mashuka mtandaoni hapa Dar mwaka wa nne sasa, nilianza na seti sita tu na Kariakoo sijawahi kupanga hata kona ya ngazi, kwahiyo kwa haki ningekuwa wa kwanza kuipigia makofi hiyo kauli. Ila juzi nimekaa na daftari langu usiku nikapiga hesabu vizuri, nikaona kuna kitu hatuambiani.

Tuanze na ukweli wake kwanza maana upo. Fremu Kariakoo haipangwi kama chumba cha Mbagala. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, alafu kabla hujafika hata huko kuna kilemba, ile hela unayompa mpangaji anayekuachia nafasi, hela ambayo haiandikwi popote na ukiondoka ni juu yako kumtafuta wa kukulipa na wewe. Hapo bado leseni, mashine ya EFD ya kutolea risiti, mlinzi, umeme, na mzigo wenyewe wa kujaza shelfu maana fremu tupu haiuzi. Sasa binti kamaliza chuo, ajira hakuna, ana laki mbili aliyokopa kwenye kikoba cha mama yake, huyo unamwambia aanzie wapi? Mtandao ulimfungulia mlango ambao mtaani ulikuwa na kufuli tatu, na mtu akiniambia Instagram na WhatsApp ni za umbea tu namuona hajawahi kutafuta mtaji.

Na kuna wanaoanza bila hata hiyo laki mbili. Mawinga. Kwa asiyejua, winga ni yule anayesimama kati ya mteja na duka, anakutafutia mzigo alafu anaongeza chake juu ya bei ya mwenye duka. Zamani winga alikuwa wa kusimama barabarani anakuita "boss karibu, unatafuta nini", leo winga anaingia dukani saa tatu asubuhi, anapiga picha za pochi na viatu kwa ruhusa ya mwenye duka, anazitupia statasi, mteja akilipa ndio anakimbia kuchukua. Mzigo siyo wake, hasara ya kudoda siyo yake, na mwenye duka naye anafurahi maana anauziwa na watu ishirini bila kuwalipa mshahara. Nawajua watu wamesomesha wadogo zao kwa biashara hii, kwahiyo siibezi kabisa.

Shida inaanza pale winga watano wanapoposti pochi ileile siku ileile. Hapo ndio ilipozaliwa "bei njoo inboksi".

Wateja wanaichukia hii kitu, na mimi nikiwa mteja naichukia vilevile. Unaona shuka zuri, unauliza bei hadharani, unajibiwa "cheki inboksi kipenzi", unaenda inboksi unakuta umetumiwa salamu, maua na picha nyingine kumi ambazo hukuuliza, bei bado. Mteja anahisi anapimwa kwanza mfuko, akionekana yuko Masaki na picha ya wasifu ana gari apewe bei yake. Na kusema ukweli kuna wanaofanya hivyo. Alafu ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, anayeuza kwa njia ya mtandao anatakiwa aweke taarifa zake na za bidhaa wazi kwa mnunuzi, sema sijawahi kukutana na muuzaji wa mashuka aliyeisoma, na mimi nimeijua nikiwa tayari nimeshaficha bei miaka miwili.

Ila njoo upande wetu. Niliwahi kuweka bei wazi, seti ya sita kwa sita elfu 25. Ndani ya saa moja mwenzangu tunayechukua mzigo godown moja kaweka elfu 24, jioni mwingine elfu 23, na wote tulinunua kwa bei ya jumla elfu 19. Ukifika hapo unauza ili uonekane unauza. Pia yule unayemuuzia jumla huko mkoani akiona bei yako ya rejareja iko wazi, wateja wake nao wanaiona, wanamsumbua. Kwahiyo muuzaji anaficha bei siyo kila mara kwa ujanja, mara nyingine anajificha na wenzake. Mimi siku hizi naweka bei, nimeamua, na waliokuwa wananiuliza kwa ajili ya kupeleleza wamepungua, ila faida kwa kila shuka imeshuka na hilo nisikudanganye.

Sasa tuje kwenye kidonda chenyewe, nani anaanza kuamini. Muuzaji anasema lipia kwanza, mteja anasema lipa nikipokea, na wote wawili wana sababu. Nchi hii kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kila mtu ana shangazi aliyetuma hela ya friji akapewa bloku, kwahiyo mteja akigoma kutanguliza hela sina ugomvi naye. Lakini mwangalie na muuzaji. Mwaka jana nilipata oda ya Bunju, mimi niko Sinza, dada akanihakikishia yupo nyumbani, lipa ukipokea. Boda akapanda mpaka kule kwa elfu 8, akafika, dada akafungua mfuko getini akasema rangi siyo ile ya kwenye picha. Kwenye picha ilikuwa kijivu, na mkononi ilikuwa kijivu, sema kioo cha simu yake kiliamua kuwa ni bluu. Akarudisha. Boda naye hawezi kurudi bure, akataka elfu 4 juu, jumla elfu 12. Faida ya shuka moja ni elfu 6, ina maana nilitakiwa kuuza mashuka mawili kwa watu wengine ili tu nirudi sifuri, na shuka lenyewe limeshafunguliwa. Wenye fremu hawana huu ugonjwa. Mteja anakuja kwa nauli yake, anashika kitambaa, anakinusa, anakivuta pembeni kuona kama kinaachia rangi, akikataa anaondoka na hajakugharimu kitu zaidi ya maneno.

Ndio maana nasema kodi ya fremu imehama tu. Ukiitafuta utaiona kwa vipande vipande, bando la kila siku, boda wa marejesho, na hela ya kusponsa tangazo. Na hii ya kusponsa inauma kwa namna yake, maana mwanzoni ulikuwa unaposti picha na wafuasi wako wanaiona kwa mfuatano, Instagram wakabadilisha hiyo mwaka 2016, wao ndio wanachagua nani aone nini, alafu 2020 wakaleta Reels, zile video fupi, na mambo yakahamia huko, TikTok nao wanawasukuma. Shuka halichezi jamani! Sasa inabidi mimi ndio nicheze, nitandike kitanda huku muziki unalia, niruke juu yake kama niko tangazo la godoro, na nisipofanya hivyo posti inaonwa na watu arobaini wakiwemo ndugu zangu wa Morogoro ambao hawanunui. Na muda wenyewe ndio mkubwa kuliko hela. Fremu inafungwa saa moja jioni. Simu haifungwi, mteja anakuuliza "bado ipo?" saa sita usiku, ukijibu asubuhi ameshanunua kwingine, ukijibu usiku mumeo anauliza unachati na nani.

Alafu mwenye hili jengo humjui na hakujui. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima dunia nzima kwa takriban saa sita, huku kwetu ilikuwa kuanzia jioni kwenye saa moja kasoro mpaka usiku mkubwa, muda uleule watu wametoka kazini na ndio tunauza. Ilipita. Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi intaneti ikazimwa nchini siku kama tano, hapo haikuwa tena shida ya kampuni ya nje, na aliyekuwa na duka simuni tu alikaa nalo kama albamu ya picha. Weka kando wanaoibiwa akaunti na wezi wa nywila, mtu ana wafuasi elfu thelathini aliowatafuta miaka mitano, asubuhi anaamka jina limebadilishwa linauza sarafu za mtandaoni. Mwenye nyumba wa Kariakoo hata awe mkali vipi, akitaka kukutoa angalau utamfuata mlangoni mkabishane.

Wenye fremu nao wana malalamiko yao na sitaki kuyapita kama hayapo. Wanasema mtu wa mtandaoni anawaharibia bei kwa sababu halipi chochote, na TRA, mamlaka ya mapato, walipoanza kuwaambia wafanyabiashara wa mtandaoni nao wajisajili na walipe kodi, wengi Kariakoo walisema afadhali. Kimsingi wako sawa, biashara ni biashara hata kama duka ni la vioo au la kioo cha simu. Ila angalia hesabu yenyewe. Kwa kodi ya mapato ya makadirio mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi, ikizidi hapo anaanza. Milioni 4 ni mashuka yangu 160, yaani kumi na tatu hivi kwa mwezi, siyo mengi. Faida yake kwa elfu 6 kila moja ni laki tisa na sitini kwa mwaka, elfu 80 kwa mwezi, na hapo sijatoa bando wala boda wa Bunju. Kipimo ni mauzo, siyo faida. Sasa mfikirie winga, hela nzima ya pochi ya elfu 60 inapita kwenye simu yake ila chake ni elfu 5, ukihesabu miamala yake ya mwaka unamuona tajiri, ukimfuata kwake Tandale unamkuta anakopa mchele dukani. Kusajiliwa sikatai, na TIN, namba ya mlipa kodi, ninayo, lakini anayepanga viwango angekuja akae na winga wiki moja kwanza.

Kwahiyo mimi nimesimama wapi? Siwezi kusema bora fremu, ningekuwa sijaanza mpaka leo. Ila mtandao nimeuweka kwenye nafasi yake, ni sehemu ya kukutana na mtu mara ya kwanza basi. Akinunua mara moja namba yake inaingia kwenye daftari, daftari la karatasi, jina, anakokaa, saizi ya kitanda, rangi anayoipenda. Zile siku intaneti haipo nilipokuwa nalala na wasiwasi ni daftari hilo lilinituliza, mtandao uliporudi niliwapigia wateja kumi na wawili wa zamani, wanne wakanunua, bila kuruka kitandani wala nini.

Na kuna swali nililikimbia miaka mitatu, "dada mpo wapi?". Nilikuwa nalijibu kwa mbwembwe, "tunapatikana mtandaoni tu kipenzi, tunakuletea popote ulipo", na nikiangalia chati za nyuma naona wengi walinyamazia hapohapo. Mwezi wa tano nimeongea na fundi cherehani hapa Sinza ana chumba kikubwa kuliko kazi zake, kanipa ukuta mmoja na meza kwa elfu 70 kwa mwezi, kilemba hakuna, kodi namlipa mwisho wa mwezi. Wanaokuja kweli siyo wengi, kwa wiki labda watano au sita. Sasa hivi mtu akiuliza mpo wapi namtumia lokesheni, na wengi wakishaiona tu wanalipia kwa simu, wala hawaji.