Kusoma dini si kwa wachungaji peke yao

Nikiwaambia Watanzania wenzangu kwamba shahada yangu ya kwanza ni ya dini, falsafa na sosholojia, swali linalofuata ni lilelile: kwa hiyo utarudi kuwa mchungaji? Nikisema hapana, linakuja la pili: sasa nani atakuajiri? Wanaouliza wananipenda, sina kinyongo nao. Ila naona maswali hayo yamebeba kasoro kubwa ya elimu yetu, na baada ya kuishi na kusoma katika chuo kidogo cha Kikristo hapa Marekani siwezi tena kuikalia kimya.

Kwanza chuo chenyewe, maana wengi wetu tukisikia "chuo cha Kikristo" tunafikiria chuo cha Biblia. Majimbo ya Minnesota na Iowa yana vyuo vilivyoanzishwa na wahamiaji Walutheri kutoka Skandinavia katika karne ya 19: Luther College mwaka 1861, Gustavus Adolphus 1862, St. Olaf 1874. (Wasomaji wa Iringa wanawajua watu wa huko kupitia Bega kwa Bega, ushirikiano wa dayosisi yao ya kanisa la Kilutheri la Tanzania, KKKT, na sinodi ya Saint Paul.) Leo vyuo vya aina hiyo vinafundisha kemia, muziki na uchumi kama chuo kingine chochote, lakini vingi vimeshikilia sharti moja la zamani: hata mwanafunzi wa kemia hamalizi bila kusoma kozi ya dini.

Darasa letu la kawaida lilikuwa na watu wasiofika ishirini, tumekaa kuzunguka meza. Hakuna desa la kukariri. Mnapewa kurasa za kusoma, za Mtakatifu Augustino, za Kitabu cha Ayubu au za mwanasosholojia Durkheim, na kila mmoja anatakiwa kuja na swali lake. Mhadhiri aliyeongoza ibada asubuhi katika kanisa la chuo ndiye huyohuyo aliyetuuliza mchana: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, Ayubu alikosa nini? Kisha akanyamaza, akasubiri. Mwanafunzi asiyeamini alijibu, Mpentekoste akampinga, na hakuna aliyeambiwa kwamba ana pepo, wala kwamba hajaelimika. Hilo lilinigusa kuliko maktaba na majengo yote.

Kwetu imani na maswali vinakaa nyumba mbili tofauti. Jioni mwanafunzi yuko kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo, UKWATA, TYCS au CASFETA, anaomba, anaimba, anafunga. Asubuhi yuko darasani anajaza daftari sababu sita na matokeo saba. Maarifa ya Biblia tuliyosoma sekondari yalikuwa somo la kutaja: taja safari za Paulo, eleza mafundisho ya mfano wa mpanzi. Tulifaulu vizuri. Hatukuulizwa hata siku moja kama tunakubaliana na Paulo, na kwa nini. Na yule ambaye hakuchukua somo hilo anafika chuo kikuu, anapata shahada, anakuwa hakimu au ofisa ustawi wa jamii, bila kuwahi kukaa na mtu aliyemfundisha kufikiri kuhusu kile ambacho watu wake wanakiamini kuliko kitu kingine chochote.

Nitoe mfano mmoja, na nitaukalia kidogo. Katika kozi ya anthropolojia tulisoma utafiti wa Evans-Pritchard wa mwaka 1937 kuhusu Waazande, ambao leo wako Sudan Kusini na nchi jirani. Ghala la nafaka linaanguka na kuumiza watu waliokaa chini yake. Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Anajua pia kwamba watu walikaa pale kufuata kivuli. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Jibu lake ni uchawi. Wiki hiyohiyo kwenye falsafa tulikuwa tunasoma Aristotle na aina zake nne za visababishi, na kwenye dini tulikuwa kwa Ayubu, ambaye naye ghala lake, tuseme, lilimwangukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona masomo matatu yakishika jambo moja kutoka pande tatu. Wenzangu Wamarekani waliona ni habari ya kuvutia ya watu wa mbali. Mimi niliwaza Shinyanga na Mwanza.

Wote tunajua habari ya vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu macho yao ni mekundu, macho ambayo aghalabu yameharibiwa na moshi wa jikoni wa maisha mazima. Sheria ya Uchawi ipo tangu enzi ya Mwingereza, mwaka 1928, na inamwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Mapanga hayakuisoma. Makanisa yanakemea, na mengine, kwa bahati mbaya, yanakemea wachawi badala ya wauaji. Daktari ataeleza moshi, naye atakuwa sahihi kabisa, lakini familia iliyozika watoto wawili haiulizi habari za moshi. Inauliza kwa nini sisi. Mtu anayeweza kulisikia swali hilo kwa heshima, akatenganisha uchungu wa mfiwa na uongo wa mganga aliyetaja jina la jirani, kisha akaangalia nani anarithi shamba la yule bibi, huyo amesoma dini, falsafa na sayansi ya jamii. Namtaka kwenye ofisi ya kata, kituo cha polisi na mahakama ya mwanzo. Mimbarani pia, ndiyo, lakini mimbara haitoshi.

Au kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, mwaka 2011. Nchi nzima iligawanyika kati ya waliosema ni muujiza na waliosema ni ujinga. Ni wachache mno waliouliza foleni ile ndefu ya magari ilikuwa inasema nini kuhusu hospitali zetu, na kwa nini maneno ya mchungaji mstaafu wa kijiji cha Samunge yaliaminiwa na mawaziri kama yalivyoaminiwa na wakulima.

Sasa, sisemi huku ni peponi. Katika vyuo hivi imani imegeuka kuwa maoni ya mtu binafsi: mimi nahisi hivi, wewe unahisi vile, tuheshimiane, tuendelee. Kanisa la chuo lina nafasi nyingi kuliko waabudu. Uislamu uliingia darasani kama sura ya kitabu, na wenzangu walijadili kuvumiliana kwa dini bila kuwa na Mwislamu yeyote wanayemfahamu kwa jina. Mimi nina ndugu wa damu Waislamu, kama familia nyingi za Tanzania. Nimekaa nao msibani, nimewaona wakija kwenye ndoa zetu kanisani. Kuna elimu ndani ya maisha hayo ambayo hakuna profesa wa huku aliyekuwa nayo, na sisi tulio nayo hatujaiandika vya kutosha.

Mawazo ya Kiafrika nayo yalipewa muda mfupi kuelekea mwisho wa muhula. Hapo ndipo nilipokutana na maandishi ya John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya wa Kitui, ambaye safari yake ilipita chuo kidogo cha Kikristo kama changu, Barrington College kule Rhode Island, kabla ya kuchukua udaktari Cambridge mwaka 1963 na kufundisha Makerere. Mbiti alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao ni mfupi sana, karibu haupo. Darasani dai hilo lilipokewa kama taarifa. Mimi nililipinga, maana wazee wanaoweka akiba ya ardhi kwa ajili ya wajukuu ambao hawajazaliwa wanafikiri mbali. Nilikuwa na hoja, lakini hakukuwa na mtu wa pili mezani wa kunisahihisha kutoka ndani. Mjadala huo ulipaswa kufanyika Dodoma au Mwanza, wabishanaji wawe Wagogo, Wasukuma na Wapare.

Na tungeweza. Makumira, ambayo leo ni chuo kikuu, ilianza kama chuo cha theolojia cha Walutheri. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, ilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, chini ya Kanisa Katoliki. Mbegu zote mbili, ya dini na ya jamii, tunazo. Vyuo vya makanisa vimepanuka kuelekea sheria, biashara na ualimu kwa sababu ndiko wanafunzi waliko, na sivilaumu. Ninachoomba ni kozi moja ya mwaka mzima kwa kila mwanafunzi wa vyuo hivyo, mhasibu na mwanasheria, yenye kesi za kwetu na mitihani isiyo na neno "taja". Nyerere, Mkatoliki aliyesoma hadi falsafa ya maadili Edinburgh, aliandika mwaka 1967 kwamba elimu yetu ijenge akili ya kudadisi. Viongozi wa dini walipaswa kuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Kwa mdogo wangu wa kidato cha sita anayefikiria kuja huku kusoma masomo haya: uliza kabla ya kusaini. Vyuo vidogo vinafungwa. Iowa Wesleyan na Finlandia vyote vilifunga milango mwaka 2023, na palipo na upungufu wa fedha idara za dini na falsafa huwa miongoni mwa za kwanza kupunguzwa. Uliza idara ina walimu wangapi wa kudumu. Uliza kama utatakiwa kusaini tamko la imani. Jua kwamba viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi chuoni saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na kwamba ukihitimu unapata miezi 12 ya kazi inayohusiana na ulichosoma. Ile nyongeza ya miezi 24 ni ya watu wa sayansi na teknolojia, si yetu. Na uliza nani atakufundisha kuhusu Afrika. Wakikujibu kwamba utafundisha wewe, nenda ukiwa umejiandaa.